Flash kwenye simu: nilivyobishana na mzee wa lodge

Kwanza tuelewane, Flash ninayoiongelea hapa sio ile flashi ya kuchomeka kwenye kompyuta ukienda kuprinti, na wala sio kuflashi simu kwa fundi. Ni ile Flash ya Adobe, iliyokuwa inachezesha video na magemu na matangazo yanayorukaruka kwenye websaiti za zamani. Naliweka hili mapema kwa sababu huo mkanganyiko wa majina uliwahi kuniletea kesi.

2010 nilikuwa natengeneza websaiti hapahapa Mwanza, nikapata mzee mmoja mwenye lodge upande wa ziwani, nikamfanyia saiti nzima kwa Flash. Ukifungua ziwa linameremeta, jiwe la Bismarck linatokea taratibu, sato anaruka nje ya maji anarudi, mziki unaanza wenyewe, na menyu ukiipitishia mausi tu inafunguka kama mwavuli. Kwenye kompyuta ilikuwa balaa, mzee alicheka mpaka akaita wahudumu waje waone, akatoa advansi palepale.

Wiki iliyofuata yuko Kamanga anasubiri kivuko, kashika iPhone aliyoletewa na ndugu yake, anataka kumwonyesha mgeni wake ile saiti. Anafungua anakuta ukurasa mweupe na kialama kidogo cha bluu, basi. Akanipigia: "Ng'wanawane, hii kazi yako mbona haina kitu?" Mimi kwa kiburi cha ujana nikamjibu mzee tatizo sio saiti, tatizo simu yako haina Flash. Nikakata nikaendelea na chai yangu. Kesho yake mzee wa watu kaenda kwa fundi, kamwambia niwekee flash, fundi naye akaiflashi kweli, namba zote za wateja zikayeyuka. Unaweza kujua nilivyoongeleshwa siku hiyo.

Sasa kipindi hichohicho dunia nzima ya watengeneza saiti ilikuwa inagombana kuhusu jambo hilo. iPhone tangu itoke 2007 haikuwahi kuwa na Flash, na Aprili 2010 Steve Jobs, bosi wa Apple wanaotengeneza iPhone, akaandika barua ndefu akieleza kwa nini hataiweka. Alisema ni mali ya kampuni moja, kwamba ndiyo sababu namba moja ya kompyuta za Mac kuganda, kwamba ina matatizo ya usalama, na kwamba imetengenezwa kwa ajili ya mausi sio kidole. Hoja ya betri ndo ilinigusa zaidi baadaye: video ya H.264, yaani mtindo mmojawapo wa kubana video, ikichezwa na chipu ya simu yenyewe alisema inafika masaa 10, ila ikibidi programu ifanye kazi hiyo, chaji inaisha kabla ya masaa 5.

Sisi tuliokuwa tunakula kwa Flash tulisema huyu analinda App Store tu, duka lake la programu na magemu ya iPhone, maana gemu la Flash unacheza bure kwenye brauza, hela haipiti kwake. Na mpaka leo naona hatukuwa wajinga kusema hivyo. Ila mtu anaweza akawa na maslahi yake na bado akawa anasema kweli, hapo ndo nilipoteleza mimi, nilimwangalia msemaji nikaacha kuangalia kinachosemwa.

Juni 2010 Adobe wakatoa Flash Player 10.1 kwa ajili ya Android 2.2, nikashangilia kama timu imefunga. Nikajinyima nikanunua simu ya Android inayoiweza, nikafungua saiti ya mzee kwa mbwembwe. Sato aliruka, sikatai, ila aliruka kwa kustukastuka kama ana degedege, simu ikachemka mfukoni huwezi kuishika, na ile menyu ya mwavuli haikufunguka kabisa kwa sababu kidole hakipiti juu ya kitu, kidole kinagusa au hakigusi. Bando likaisha kabla sijafika ukurasa wa bei za vyumba. Na ule ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, simu kuisha chaji saa nane mchana ilikuwa ni msiba.

Novemba 2011 Adobe wenyewe wakatangaza wanaacha kuiendeleza Flash kwenye brauza za simu, Agosti 2012 simu mpya hazikuweza tena kuipata Google Play. Kwenye kompyuta ilikokota hadi mwisho wa 2020, na Januari 12, 2021 ikaanza yenyewe kukataa kufungua vitu. Kwa hiyo ukiona leo mtu anakutumia APK, lile faili la kuinstoli programu kwenye Android, eti ni Flash Player ya simu, usiinstoli, hiyo ni mtego.

Bado nafuatwa na watu wenye vitu vyao vya zamani, kwa hiyo hapa niseme ninachofanya mimi. Kama ni video ya harusi ya FLV, aina ya video ya enzi za Flash, usihangaike, VLC inaifungua, ila ibadilishe kuwa MP4 kabla CD haijafa. Kama ni faili la SWF, yaani katuni au gemu lenyewe la Flash, jaribu Ruffle, ni programu ya bure inayoigiza Flash ndani ya brauza ya kawaida, hata ya simu. Kuna mwalimu wa Sengerema aliniletea CD ya katuni za bayolojia, moyo unavyosukuma damu na vitu kama hivyo, nyingi zilifunguka kwenye Tecno yake palepale dukani. Zile zilizotengenezwa kwa ActionScript 3, lugha ya Flash ya baadaye, zingine ziligoma, hizo nilizifungua kwenye kompyuta ya zamani isiyo na intaneti nikarekodi skrini zikawa video za kawaida. Maswali ya kubonyeza yalipotea lakini moyo unadunda, mwalimu aliridhika.

Na wewe unayetengeneza saiti sasa, usinifuate nilikopita mimi. Kabla hujaonyesha kazi ichukue ukaifungue kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote unayoweza kuazima, mimi huwa naazima kwa dada mmoja anauza dagaa Mwaloni, skrini imepasuka na hifadhi imejaa picha za watoto. Ikifunguka pale kwa bando lake, inafunguka popote. Ikikwama usimwambie mteja simu yake mbovu. Halafu tunza faili la asili ulilolichora, usitunze tu lile lililokwisha kupikwa, maana siku teknolojia ikifa ndo hilo utalihitaji.

Ile saiti ya lodge niliirudia yote, picha na maandishi ya kawaida na namba ya simu juu kabisa, sikumdai hata shilingi. Wageni wakaanza kupiga. Lakini mzee hakuwahi kuipenda ile mpya. Juzi nimekutana naye Kirumba, kazeeka sasa, hata salamu hatujamaliza kaniuliza, yule samaki wangu yuko wapi? Nikamwambia yupo kwenye CD baba, ila imekwaruzika.