Mwanangu, kula kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa usiku nimeusoma, na asubuhi nikaurudia. Unauliza: "Mama, mtaalamu wa lishe anataka ninywe maziwa na nile mayai, na mimi nimeacha kila kitu cha mnyama. Kwani ni lazima nivunje msimamo wangu ndipo nitibiwe anoreksia?"

Si lazima. Ila tujue kwanza ni nani anayekataa, wewe au huo ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa.

Kuacha nyama si ugonjwa. Nyanya yako, Mwadventista wa Kisii, hakuigusa tangu abatizwe, na jembe alilishika mpaka uzeeni. Ngara na Parklands, hapa Nairobi, kuna familia za Kihindi zilizolea watoto, wajukuu na vitukuu kwa dengu na mboga. Lakini nyanya yako akiisha kukataa nyama, aliomba aongezewe parachichi. Wewe ulipokuja South B mara ya mwisho nilikupikia ndengu za nazi, na humo hamkuwa na cha mnyama hata tone. Uliinamisha sahani, ukangoja tui lijitenge, ukalichota kwa kijiko na kulimwaga kwenye kikombe. Chapati ukaikandamiza kwa tishu mpaka tishu ikalowa mafuta. Mwanangu, ng'ombe gani aliyeokolewa pale? Aliyeogopa mafuta ya alizeti ni ugonjwa, nao ugonjwa umejivika nguo za imani yako.

Haya hayakukuta peke yako. Watafiti walipowauliza wanawake wenye maradhi ya ulaji ambao pia hawali nyama, wengi walisema waliiacha baada ya maradhi kuanza. Ndiyo maana daktari anakuuliza uliacha lini na kwa nini. Usidhani anakudharau, mjibu kweli.

Kuna kisa nataka ukifikirie. Mnamo 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na wa akili, kwa miezi sita hivi. Wakawa hawawazi kingine ila chakula. Wakasoma vitabu vya mapishi, wakavuta mlo mmoja muda mrefu, wakanuna na kujitenga. Ni njaa iliyowageuza hivyo, na wao walikuwa hawana anoreksia. Basi nitajuaje lipi ni neno lako na lipi ni la njaa, kama bado una njaa? Nawe utajuaje?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwombe mtaalamu wa lishe akupangie chakula cha mimea kinachotosha. Kinawezekana, lakini githeri na sukuma wiki pekee havitakufikisha: tumbo litajaa kabla mwili haujapata nguvu ya kutosha. Utahitaji njugu, parachichi, tui, uji wa wimbi uliotiwa njugu za kusaga, chapati yenye mafuta yake. Vitamini B12 haipatikani kwenye mboga wala nafaka, kwa hiyo utaipata kwa vidonge au sindano, hilo halina mjadala. Na kile unachokiogopa kuliko vyote, hata kama ni cha mimea, ndicho kiwe kwenye ratiba.

Usijaribu kufidia yote kwa siku moja, maana najua ukiamua jambo hujizuii. Mwili uliokaa na njaa ukipewa wanga mwingi ghafla, madini yaitwayo fosfeti hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kuvurugika mpaka mtu akafa. Ndiyo sababu wanakupima damu mara kwa mara na kukuongezea kidogo kidogo. Nilipoelezwa hivyo, ule polepole wao ulioniudhi ukaacha kuniudhi.

Daktari akisema moyo wako unapiga taratibu mno na njia ya mimea haitoshi kwa sasa, nakusihi unywe hayo maziwa kama dawa. Ukishapata nguvu na akili imetulia, ukataka kuyaacha, uyaache, na njugu nitakusagia mimi mwenyewe. Nitautetea msimamo wako mbele ya shangazi zako wote Krismasi.

Ijumaa nitakuja nawe kliniki ya Upper Hill, ukikubali niingie ndani. Beba matokeo ya damu, na uandike kila ulichokula wiki hii, hata ulichokiacha kwenye sahani.

Mama yako