Antivirusi imeizuia tovuti? Usianze kulalamika

Wadogo zangu, wiki hii nimemwona wa tatu. Mteja kapiga simu kwamba tovuti yake inatoa ukurasa mwekundu. Kijana kaingia kwenye antivirusi ya kompyuta yake mwenyewe, kaiweka tovuti kwenye ruhusa, kaona inafunguka, kafunga tiketi: "Imekaa sawa." Imekaa sawa kwako! Wageni wa mteja hawatumii kompyuta yako.

1. Soma onyo lote, piga picha jina la tishio. Kuzuiwa kikoa kizima (jina lote la tovuti), kuzuiwa skripti moja (kipande cha msimbo) na kuzuiwa IP (namba ya seva) mnayochangia na majirani msiowajua ni magonjwa matatu tofauti.

2. Pitisha anwani ya tovuti VirusTotal, huduma inayoikagua kwa antivirusi nyingi kwa pamoja, uskani upya, maana matokeo unayoyakuta yanaweza kuwa ya zamani. Injini (antivirusi) moja ikilalamika kati ya zaidi ya 70, huenda imekosea. Zikilalamika nane, acha ubishi. Na msiwaandikie VirusTotal wawafutie onyo. Wao wanapeleka tu maneno ya hizo antivirusi.

3. Neno "kimakosa" lisikutoke mapema. Hapa nina kovu. Mwaka wangu wa pili kazini, antivirusi moja iliizuia tovuti ya WordPress ya mteja wangu. Nikaifungua: safi. Nikatazama msimbo wa ukurasa: safi. Basi nikaiandikia kampuni ya antivirusi barua kali, aya nne, jinsi wanavyoharibu biashara za watu, na mteja nikamwekea nakala ili aone anavyotetewa. Jibu likaja kesho yake, mistari miwili: jina la faili, na ombi kwamba nijaribu kuingia kwa simu nikitokea Google. Nikachukua simu, nikatafuta jina la mteja, nikabonyeza. Tovuti ikachungulia kidogo, mara nikatupwa kwenye ukurasa wa "hongera, umeshinda".

Kirusi kilikuwa kinachagua mgeni. Umeingia kama msimamizi? Unaonyeshwa tovuti safi. Unatokea Google kwa simu? Twende. Na mimi muda wote nilikuwa nimeingia kama msimamizi! Nilipofungua functions.php, faili la msimbo la kiolezo (mwonekano wa tovuti), sikuona kitu, hadi nilipovuta upau kwenda kulia: mstari mmoja ulikuwa umesukumwa kwa nafasi tupu mpaka nje ya skrini, una base64 (msimbo uliofichwa kwa herufi zisizosomeka) ndefu kama treni. Mteja, aliyekuwa kwenye nakala, alilisoma jibu lile kabla yangu. Simu yake sitaisimulia.

4. Skripti za kuazima, zinazopakiwa kutoka tovuti za wengine, nazo ni zako. Mwaka 2024, polyfill.io, iliyokuwa ikigawa skripti kama hizo, ilipokwisha kubadili wenyewe, ilianza kuwatupa wageni kwenye kurasa za kitapeli kupitia tovuti za watu waliokuwa wameipachika miaka mingi na kuisahau.

5. Ukishajiridhisha ni safi, jaza fomu ya kampuni husika ya kuripoti utambuzi wa kimakosa: anwani, jina la tishio, ulichokagua. Mistari mitano, bila hasira. Kama ni Google waliozuia, ombi la ukaguzi hupitia Search Console, zana yao kwa wenye tovuti, na usilitume ukiwa hujamaliza kusafisha. Tovuti inayosafishwa na kurudia uchafu hunyimwa kuomba tena kwa siku 30.

Yule wa tiketi ya juzi: nimeifungua tena, iko kwenye jina lako. Chukua simu.