Jina la seva linarudi la zamani ukiwasha upya (Debian na Ubuntu)

Amri ya `hostname jinajipya` inabadilisha jina kwenye kerneli (kiini cha mfumo) tu. Ukiwasha upya, mfumo unasoma /etc/hostname na jina la zamani linarudi. Tumia hostnamectl, inayoandika pia kwenye /etc/hostname, ila anza na /etc/hosts, faili inayolinganisha majina na anwani za IP.

Fungua `sudo nano /etc/hosts`, tafuta mstari wa 127.0.1.1 (kama haupo, uongeze), uandike hivi (hapa duka-db01 ni mfano wa jina jipya, seva-zamani ni la zamani):

`127.0.1.1 duka-db01.example.com duka-db01 seva-zamani`

Jina kamili litangulie; likiwa nyuma ya fupi, `hostname -f` itakupa fupi tu. La zamani liache kwanza, na mstari wa localhost usiuguse. Kisha:

`sudo hostnamectl set-hostname duka-db01`

Ukiruka hatua ya hosts, kila sudo inaweza kulalamika "unable to resolve host" (jina la seva halipatikani), na pengine itakwama kidogo kwa kuwa inalitafuta jina kwenye DNS. Jina liwe la herufi, tarakimu na kistari, lisizidi alama 63, lisianze wala kuishia na kistari. Alama ya _ usiitumie kabisa. Ili uone jina jipya pale unapoandikia amri, `exec bash`.

Kama seva ni ya kukodi mtandaoni, mara nyingi ina cloud-init (programu inayoipangia seva mipangilio inapowaka), nayo inaweza kurudisha jina hata baada ya hostnamectl. Izuie:

`echo 'preserve_hostname: true' | sudo tee /etc/cloud/cloud.cfg.d/99-jina.cfg`

Angalia pia mistari ya juu ya /etc/hosts. Ikitaja manage_etc_hosts, faili hiyo inaandikwa upya kila seva inapowaka, kwa hiyo weka `manage_etc_hosts: false` kwenye faili hilohilo la 99-jina.cfg.

Huduma zilizokwisha kuwaka bado zinashika jina la zamani. Rsyslog (inayoandika kumbukumbu za mfumo) iwashe upya tu. Postfix (seva ya barua pepe) ina myhostname na mydestination zake ndani ya main.cf, zirekebishe kwa mkono.

RabbitMQ (inayopanga ujumbe wa programu kwenye foleni) ndiyo ya kuangalia sana. Nodi yake inaitwa rabbit@jina-la-seva, na data inakaa kwenye saraka yenye jina hilo chini ya /var/lib/rabbitmq/mnesia. Jina likibadilika, inawaka tupu, haina foleni wala watumiaji. Data ipo salama kwenye saraka ya zamani, usifute kitu. Kwa nodi moja, weka `NODENAME=rabbit@seva-zamani` ndani ya /etc/rabbitmq/rabbitmq-env.conf kabla ya kubadilisha jina, na hapo seva-zamani lisiondoke kwenye hosts.