Ukitaka kuvusha kazi ya kinga ya moto kwenda Unguja, anza na meneja wa hoteli

Wenzangu wa Bara tunaofanya nao kazi ya kuziba matundu ya ukutani yanamopita mabomba na nyaya, kufunga milango ya kuzuia moto na kupaka chuma rangi inayoumuka huniuliza: Zanzibar kuna kazi? Kuna. Ila wengi huvuka na kabrasha la bidhaa, wakaenda moja kwa moja kwa mwekezaji anayejenga, wakarudi na ahadi. Mwekezaji akili yake iko kwenye idadi ya vyumba na tarehe ya kufungua. Kitu kitakachofichwa juu ya dari ya jipsam hakimpi usingizi wala hakimnyimi, na BOQ, yaani orodha ya kazi na gharama zake, ikizidi bajeti ndicho cha kwanza kukatwa.

Sisi tulipata nafasi kwa mameneja wa hoteli ambazo tayari zina wageni. Hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa na Paje huuza vyumba kupitia kampuni za utalii za Ulaya, na kampuni hizo zina kawaida ya kukagua usalama wa mahali zinapopeleka watu. Mkaguzi akipandisha kigae cha dari akakuta tundu la nyaya limezibwa kwa povu la kawaida la kupuliza, ambalo lenyewe linawaka, anaandika. Akikuta mlango wa ngazi umeegeshwa kiti usijifunge, anaandika vilevile. Meneja anabaki na ripoti yenye tarehe ya mwisho na hajui amwite nani. Huyo hahitaji kuhubiriwa habari za moto. Anataka mtu wa kuisoma ile ripoti, apite naye chumba cha umeme, jikoni na kwenye kufulia, kisha ampe bei ya kila tundu. Kazi zenyewe ni ndogo, lakini malipo hayasumbui, na mameneja huhamahama: leo yuko Paje, mwakani Matemwe, na namba yako anayo.

Makaratasi yatangulie. Kuwa Jamhuri moja kusikudanganye. Mambo ya zimamoto si ya Muungano: Bara ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lenye sheria yake ya mwaka 2007; Zanzibar ni Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji, mojawapo ya Idara Maalum za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Watu wa viwango vya bidhaa utawakuta ZBS badala ya TBS ya Bara, na VAT ya huko inasimamiwa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Nenda ofisini mwenyewe, salimia watu vizuri, uliza kila kibali unachotakiwa kuwa nacho, na fanya hivyo kabla mzigo haujafika bandarini.

Kinachowakwamisha wageni zaidi ni kalenda. Hoteli hujaa kuanzia Julai hadi Septemba, na tena kuanzia Desemba. Miezi hiyo hakuna atakayekuruhusu kuwasha drili. Vyumba hufunguliwa kwa mafundi wakati wa masika, Aprili na Mei, nayo masika ndiyo adui wa rangi yetu. Chuma kikifika karibu nyuzi 550 hupoteza takriban nusu ya nguvu zake. Rangi inayoumuka hukichelewesha kufika huko kwa kufura kama andazi kwenye mafuta. Lakini ili ishike vizuri, unyevu wa hewa kwa kawaida usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Jioni ya Aprili pale Jambiani, hali hiyo utaisubiri sana. Kuna na chumvi ya bahari, ambayo lazima ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya rangi ya kwanza. Kwa hiyo masika sisi hufanya milango na matundu ya ndani. Chuma kipya hupakwa karakana Dar, kikavushwa kikiwa tayari, na kule tunamalizia viungo na mikwaruzo ya safari. Ramadhani ikiangukia humo, punguza saa za kazi kwenye ratiba yako tangu mwanzo, usije ukagombana na mafundi kwa jambo ulilolijua.

Mji Mkongwe ndiko kazi inakonoga. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, zinastahimili. Udhaifu uko kwenye sakafu zilizolala juu ya boriti za mikoko, ngazi za mbao na nyaya zilizopitishwa baadaye popote palipopatikana njia. Sasa tazama cheti cha majaribio ya moto cha bidhaa yako. Kinasema ukuta wa zege, wa tofali au wa jipsam. Cha matumbawe mimi sijakutana nacho. Piga picha, pima tundu, mtumie mhandisi wa kiwanda akupe maoni kwa maandishi. Bila hayo usisaini. Na usiguse mlango wa nakshi: mji huu ni urithi wa dunia tangu 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe iulizwe kabla ya patasi. Mlango wa kuzuia moto tunauweka ndani, kwenye korido. Mwenye nyumba akisitasita, mtoe nje mkitazame pamoja kichochoro. Gari la zimamoto halipiti hapo, kwa hiyo moto inabidi ubaki ulipoanzia hadi watu watoke na mipira ivutwe.

Makuti utaulizwa tu. Dawa za kupuliza zipo, lakini nyingi huondoka na mvua. Mimi hushauri waache nafasi baina ya banda na banda, na jiko la mkaa lisogezwe mbali. Hapo silipwi, na si neno.

Mafundi waajiri wa huko huko, kwa sababu ukishaondoka atakuja mtu wa kiyoyozi au wa intaneti atoboe upya ulipoziba. Kila tundu lipe lebo yenye namba, tarehe na jina la bidhaa, picha zake zibaki hotelini, na mfundishe fundi wa hoteli kulitambua tundu jipya akiliona. Kisha omba mkataba wa ukaguzi wa kila mwaka, ufanyike Juni kabla wageni hawajajaa. Huo ndio unaotulipia nauli za boti.