Kabla hujalipia mashine ya dayalapu, tazama kadi zake

Ndugu yangu wa Mbale, umeuliza kama ununue mashine kubwa ya dayalapu iliyotumika, inayotoka Marekani (ile inayopokea simu nyingi za modemu, vifaa vinavyotuma data kwa mlio kupitia laini ya simu), ili vituo vyako vya vijijini vipige simu kila jioni na kutuma hesabu. Usitoe hata shilingi kabla muuzaji hajakutumia picha ya nyuma ya mashine. Kadi, yaani sehemu za kuchomekea laini ya simu, za Marekani kwa kawaida ni za T1, aina ya laini ya kidijitali yenye chaneli 24. Huku kwetu Uganda laini ni E1: chaneli 32, na 30 kati yake ndizo hupokea simu. Kadi ya T1 pekee ukiichomeka kwenye E1 haitaelewana nayo kamwe. Tazama na umeme pia, maana mashine nyingi za kampuni za simu hutumia volti 48 za DC, si umeme wa ukutani.

Kadi na laini zikikubaliana, muulize mwenye laini, yaani kampuni ya simu, kama CRC4 (ukaguzi wa makosa kwenye E1) imewashwa. Mimi nilikesha siku mbili Jinja nikikodolea taa nyekundu ya E1, kumbe CRC4 kwa kampuni ya simu imewashwa, kwangu imezimwa. Nilipoiwasha, taa ikageuka kijani palepale.

Lakini kinachonitia wasiwasi hasa ni vituo vyenyewe. Vina simu ya waya? Modemu haipigi kupitia simu ya mkononi ya kawaida, kwa sababu mtandao hubana sauti kwa ajili ya maneno ya mtu na mlio wa modemu huharibika. Kama waya haupo, achana na mashine hiyo, nunua modemu zinazotumia data ya simu ya mkononi.