Usiitupe chupa mapema: kwa anayeanza kazi ya nyigu wa nzi

Ukitaja kazi yako, ya kuachilia nyigu wadogo wanaoua nzi mazizini, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: hao nyigu si watatuuma? Hawaumi mtu. Spalangia na Muscidifurax, jamii mbili za nyigu ambao ndio utakaoshinda nao, wana milimita 2 hadi 3 tu, weusi, na wakitembea juu ya samadi utadhani ni sisimizi wenye mbawa. Mwiba wao ni wa kutagia. Zoea kulijibu swali hilo kwa upole, maana haliishi.

Kisha zoea neno pupa. Mimi nilipoanza, pupa niliyoijua ni ile ya mlafi mbele ya sinia, nikacheka. Hapa pupa ni funza wa nzi aliyekwisha kushiba, akajifungia ndani ya ganda gumu la kahawia na kutulia humo siku chache kabla ya kutoka nzi. Nyigu jike hulitoboa ganda hilo na kutaga juu ya pupa iliyomo; kinda lake huila mpaka iishe. Wakati mwingine hatagi: hutoboa tu, akanywa maji yanayochuruzika, na nzi yule ndiyo basi tena. Vifo vya namna hiyo havionekani ukihesabu nyigu waliotoka, kwa hiyo usiwadharau wakiwa wachache.

Jifunze kusoma maganda matupu. Liweke moja kiganjani. Nzi akitoka hufyatua ncha nzima ya ganda, ikabaki wazi kama kopo lililobanduliwa kifuniko. Nyigu hutafuna kitundu kidogo cha mviringo, kingo zake zina meno meno. Ukishaona tofauti hiyo mara moja, utaweza kusoma hali ya zizi zima ukiwa umechuchumaa tu. Na uchuchumae mahali panapofaa: usichimbe kwenye samadi mbichi inayotiririka. Funza akikaribia kuwa pupa huhama na kutafuta pakavu, kandokando ya kuta, chini ya hori, kwenye matandiko ya zamani. Muscidifurax huwinda karibu na uso. Spalangia hupenya chini zaidi. Ndiyo maana napenda waachiliwe wote wawili.

Sasa chupa. Mara yangu ya kwanza nilikusanya pupa 100, nikazitia kwenye chupa na kufunga kitambaa mdomoni, nione kama watatoka nyigu. Wiki ile ile wakatoka nzi. Pupa zilizobaki zikakaa kimya. Nikaandika daftarini “nyigu: hakuna”, nikatupa. Msimamizi wangu alisoma, akanitazama, akasema, “Kaichukue.” Nilifukua takataka mbele ya wenzangu wote. Siku kumi na kitu baadaye madume ya nyigu yakaanza kutembea chini ya kitambaa, kisha majike. Muscidifurax huchukua kama wiki mbili hadi tatu tangu yai litagwe, Spalangia huweza kukaribia mwezi. Andika tarehe kwenye chupa na uiache wiki tano.

Ucheleweshaji huo huo ndio unaopanga kazi yote. Kwenye joto, nzi wa nyumbani hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10, na jike hutaga mayai 100 na zaidi kwa mkupuo. Nyigu hawezi kumfukuzia nzi aliyekwisha kutangulia. Anza kuwaachilia nzi wakiwa bado haba, rudia kila wiki moja au mbili, na koleo lisilale: samadi isipozolewa, hata gunia la nyigu halitoshi. Anayekuita zizi likiwa limekwisha kuwa jeusi kwa nzi, mwambie ukweli kabla hajalipa.

Mwambie pia ni nzi gani ambao nyigu hawa huwaweza. Nzi wa nyumbani na yule nzi wa zizini anayeng'ata miguu ya ng'ombe, sawa. Nzi ambao funza wao hukulia kwenye kinyesi kibichi kilichotapakaa malishoni, usiahidi kitu. Na muuzaji akikuletea Nasonia, nyigu wa jamii nyingine, uliza kwa nini. Hao hupendelea zaidi nzi wa mizoga.

Mzigo wa nyigu hufika ukiwa pupa zilizokwisha kutagiwa, zimechanganywa na vumbi la mbao. Usiuache juani. Usiumwage kuku wanapofika, wala njiani kwa siafu. Niliwahi kurudi asubuhi nikakuta msururu wa siafu unabeba kazi yangu ya wiki nzima. Ninaufukia kidogo kwenye kona kavu, mbali na kwato.

Dawa ndiyo mtakayogombania na wenye mifugo. Ikinyunyizwa juu ya samadi huwaua nyigu pamoja na nzi, na nzi hurudi wa kwanza. Chambo chenye sumu cha kuwanasa nzi wakubwa hakina shida sana. Kwenye mabanda ya kuku, samadi isizolewe yote siku moja: acha sehemu ya ile kavu ya zamani, ndimo nyigu waliomo.