Kusoma baiolojia nje: majibu kwa wenye haraka

Tangu maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja maswali yamefurika, na mengi ni lile lile la kila mwaka. Nimechagua machache. Ambao maswali yenu sikuyachagua, jibu lenu limo humu humu, someni hadi mwisho.

Mama mzazi, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu kamaliza PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nafasi ya udaktari hapa nyumbani kaikosa. Wakala anasema aende nje akasome Sayansi za Biomedikali miaka mitatu, kisha "anaunganisha" udaktari. Kiwanja nimeshauza. Ni kweli?

Marahaba mama. Nashukuru umeuliza kabla ya kulipa; wengi huniuliza baada ya miaka mitatu.

Shahada hiyo ni nzuri, lakini haimfanyi mtu daktari. Anayehitimu anaijua seli, anajua kinga ya mwili inavyofanya kazi, anaweza kuendesha PCR, yaani kipimo cha kunakilisha DNA, na kusoma majibu yake. Mgonjwa hajamgusa. Hilo neno "kuunganisha" ndilo linalouza viwanja vya watu mjini hapa. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na Uingereza zipo kozi za udaktari za miaka minne kwa wenye shahada tayari. Ila hakuna anayeunganishwa. Unaomba upya, unashindana upya, unalipa upya, na nafasi za wageni ni chache mno.

Akirudi na shahada yake hiyo, Baraza la Madaktari Tanganyika halitamwandikisha. Wakala atasema basi aende maabara ya hospitali. Huko nako kuna Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na lenyewe linaangalia mtu alisomea nini hasa. Kwa hiyo chukua mtaala wa hicho chuo, nenda nao barazani, uliza: mwenye cheti hiki mtamwandikisha? Ni nauli ya daladala tu. Na usidhani anayekwenda kusoma udaktari wenyewe ndiye amepona; akirudi anasubiriwa na mtihani wa Baraza kabla ya intaniship.

Nimekiangalia na kipeperushi cha wakala ulichonitumia. Binti wa pichani ameielekeza ncha ya mikropipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kupimia maji kidogo kidogo, juu huku ina maji ya rangi ndani, yaani maji yanarudi kwenye kifaa chenyewe na kukiharibu. Miwani ya kinga ameipandisha kwenye nywele. Mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), angefokewa mbele ya wenzake. Waliopiga picha ile hawajui maabara, na waliokupa kipeperushi hawajaiangalia.

Hela ya kiwanja iache benki kwanza.

Kidato cha sita, Kinondoni: Nchi gani nzuri kusoma baiolojia?

Baiolojia ya nini? Ya mbu, ya samaki, ya mihogo, ya saratani? Chagua kwanza, kisha uniandikie tena.

Kijana, Tabata: Ujerumani na Norway ni bure kabisa, kwa nini mnatuficha?

Hakuna aliyekuficha, ila wewe unasoma habari za zamani. Norway ilianza kuwatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023. Sweden walianza 2011, Finland 2017.

Ujerumani ndiyo, vyuo vingi vya serikali havitozi ada. Vingi, si vyote: jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasio wa Umoja wa Ulaya, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza. Hata pasipo na ada, ubalozi unataka uoneshe hela ya kuishi kwenye akaunti iliyozuiwa, yaani unayoitoa kidogo kidogo kila mwezi ukishafika. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 30 zimekaa benki kabla hujapanda ndege. Halafu shahada nyingi za kwanza zinafundishwa kwa Kijerumani, na waombaji wengi wa nje hupitishwa kwanza mwaka mmoja wa Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi ya kuingia chuo. Watu wa baiolojia, udaktari na famasia husoma kozi ya M. Ukimwona mtu anakuambia "bure", muulize hayo matatu.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Baiolojia ya Molekuli, UDSM: Nataka kuacha nikaanze upya Ulaya. Huku vifaa ni vya kugombania, watu kumi mashine moja. Ushauri?

Usiache. Najua kero ya kusimama nyuma ya mabega ya wenzako ukichungulia jeli ya kutenganisha DNA ikiendeshwa. Lakini shahada ya kwanza ya nje ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo yenye ufadhili mdogo kuliko wote. Fedha ziko juu: uzamili na uzamivu. Huko watu hulipiwa, na uzamivu wa sayansi mara nyingi unalipwa posho kila mwezi, na sizungumzii bumu la mkopo.

Maliza hapo hapo. Linda GPA, usisapu (kurudia mitihani) ovyo, na mafunzo kwa vitendo usiyafanye kwenye duka la dawa la mjomba ili upate muhuri. Omba Ifakara au Bagamoyo kwa watu wa IHI, Taasisi ya Afya Ifakara; omba NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukipenda samaki, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Kubali hata kuhesabu viluwiluwi vya mbu kwenye trei mwezi mzima. Utakaporudi utakuwa na mtu anayeweza kuandika barua yako ya mapendekezo kwa kueleza ulichofanya. Barua ya mhadhiri isemayo "ni mtiifu na anahudhuria vipindi" haimpeleki mtu popote.

Ujue pia kila mlango una ufunguo wake. Chevening ni ufadhili wa uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili. Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, kwa kawaida haidai uzoefu wa kazi, na unaweza kuomba ukiwa mwaka wa mwisho. Marekani wanakubali kuanza uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na kwenye sayansi za uhai mwaka wa kwanza unazungushwa maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. Ila sheria zao za viza zinabadilika, soma tangazo la ubalozi kabla ya kutumia hata senti. Sehemu nyingi za Ulaya wanataka uzamili kwanza.

Na ukimwandikia profesa, soma andiko lake moja, uliza swali moja la maana, mistari kumi inatosha. "Dear Sir/Madam, I am a hardworking student" iliyotumwa kwa watu 60 kwa mkupuo, wote 60 wanaifuta. Tena mmeiga wote mahali pamoja, hadi koma zinafanana.

Hao wanaoidharau SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa sababu iko Morogoro nao wanisikie: kuna Mzungu anapanda ndege kuja kufanya utafiti huko unakokukimbia.

Binti, Sinza: IELTS yangu, ule mtihani wa Kiingereza, ni ya miaka mitatu iliyopita, bado inafaa?

Hapana. Matokeo yake hudumu miaka miwili.

Baba, Ukonga: Wakala anasema NOC (cheti cha kutokuwa na pingamizi) ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni usumbufu tu, siyo lazima.

Kwake ni usumbufu, maana TCU wataangalia kama chuo kinatambulika na kama sifa za mwanao zinatosha. Ichukue kabla hajaondoka. Akirudi atapitia TCU tena shahada yake itambuliwe, na hapo wakala atakuwa amebadilisha namba ya simu. Usisahau pia kuuliza usalama wa nchi yenyewe. Ukraine 2022 na Sudan 2023 wanafunzi wetu walitoka mbio, wengine vitabu na vyeti vikibaki nyuma.

Mwanafunzi wa uzamili aliyeko Uingereza, nyumbani Temeke: Desemba nakuja likizo. Msimamizi kaniomba nirudi na mbu wachache wa mtaani kwetu, kichupa tu cha ethanoli kwenye begi.

Usithubutu. Kibali cha utafiti ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa afya unapita NIMR kwa maadili. Sampuli kutoka nchini inahitaji makubaliano ya maandishi ya kuhamisha sampuli. Na upande wa pili una vibali vyake vya kuingiza. Bado sijafika kwenye kubeba ethanoli kwenye ndege. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa yatokanayo na viumbe, iliandikwa kwa ajili ya mambo kama haya: viumbe vilitoka, maandiko yakachapishwa, na sisi tukaishia kwenye aya ya shukrani. Mwambie msimamizi wako aandike mradi na taasisi ya hapa, na jina lako liwe miongoni mwa waandishi.

Dada, Kariakoo: Mdogo wangu kapata barua ya udahili kwa WhatsApp ndani ya saa mbili! Wanataka milioni tatu kabla ya saa kumi jioni leo, kwa namba ya simu.

Usitume. Iandikie ofisi ya udahili kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, siyo ile iliyo kwenye barua, uwape namba ya maombi. Wakisema hawamjui, peleka barua na hiyo namba ya simu polisi.